Udongo Tu

Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa unatoa jasho, na ni Januari, na kijiji cha Ikonge hakikuwa kimepata mvua wiki tatu.

Bosibori alipangusa kwa mafuta ya taa, akapaka chokaa. Kabla ya Sabato kuvu ilikuwa imerudi, nyeusi, yenye harufu ya udongo uliofukuliwa. Sasa ilikuwa na umbo la mwanamke mzee aliyeketi, amenyoosha miguu. Kila wiki mwanamke huyo wa ukutani alisogea karibu na kitanda, na kila wiki kikohozi cha Bosibori kilishuka kifuani zaidi.

"Baba Joash, twende kwa dada yangu Sironga," alimnong'onezea mumewe, Alfayo.

"Hati ya bima inasema nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, hakuna fidia. Tutajenga na nini?"

"Na mimi nikifa, bima yangu iko wapi?"

Alfayo aliikunja hati. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini jambo moja hakuwa ameliungama hata kwa mchungaji. Mwaka wa 1971, kabla hajaoa, alipotaka nyumba ya matofali, mahali tambarare bomani kwao palikuwa pale tu penye kaburi la nyanya yake, Kemuma. Alilisawazisha kwa jembe, akamwaga saruji juu.

Mkaguzi wa bima, Andrew, alifika mchana kutoka Kisii mjini kukagua dai lao la fidia ya ukuta. Akagonga ukuta. Ukagongwa pia kutoka ndani, mara mbili, polepole.

"Ni panya," Alfayo akasema.

"Panya wa kukaa ndani ya tofali." Andrew hakucheka. "Mzee, maji ya mvua tunalipa. Kuvu ya kutoka chini, kama mwenyewe alijua sababu akaficha, hatulipi. Chini ya hii sakafu kuna nini?"

Bosibori alimtazama mumewe. Ukuta ulinyamaza kama unaosikiliza, na Alfayo akaona vile angesema kweli na nyumba ipotee, na kanisa lote lijue, na harufu ya udongo ikampanda puani, ikaingia kinywani, ulimi ukawa mzito kama jiwe, na bado ulimi huo huo ukasema:

"Udongo tu."

Akatia sahihi kwenye fomu ya dai. Andrew akaondoka bila kungoja chai.

Walipogeuka, ukuta ulikuwa mweupe. Alfayo akapiga magoti kumshukuru Mungu.

Bosibori akakohoa kwenye leso, akakohoa sana, kisha akaifungua. Ilikuwa nyeusi.

"Alfayo," akaita. Tangu waoane hakuwahi kumwita kwa jina, na sauti haikuwa yake. "Mjukuu wangu. Sasa nimepata pa kukaa."