Samaki wa Mjomba Mumbere

Habari hii nilielezwa na mjukuu wangu Abigaëlle mwenyewe, mwezi wa saba mwaka huu, tulipokuwa tunachambua maharagwe barazani. Alipofika kwenye samaki, nilisogeza sinia mbali kidogo. Naiandika kama alivyonieleza, na kichefuchefu chake chote.

Mwezi wa pili, nyumbani kwao hapa Lubumbashi, kila siku ilianza na kumalizika kwa safari ya mama yake. Céline ni mkunga. Alikuwa amealikwa Nairobi, kwenye mkutano wa wakunga wa nchi nyingi, awaeleze jinsi yeye na wenzake walivyofanya kazi kule Mitwaba, ambako mama mjamzito hutembea mbali sana kabla ya kuona kituo cha afya. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Kwa hiyo alijitayarisha kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano aliviweka kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na dawa zake za presha, kwa sababu valizi, lile sanduku la safari, inaweza kupotea njiani lakini mkoba unakaa na mwenyewe. Maneno yake ya mkutano aliyaweka kwenye kle ya ordinateri, kile kidude kidogo cha kuhifadhia maandishi, kisha akayatuma pia kwenye simu yake. Baba wa Abigaëlle, Muhindo, alizunguka maduka ya mjini kutafuta kichwa cha kuchomekea chaja, maana aliambiwa matundu ya umeme ya Kenya si kama ya kwetu. Akaleta na mizani kutoka depo yake ya unga, ili valizi ipimwe nyumbani, isije ikafunguliwa mbele ya watu pale uwanja wa ndege wa Luano.

Kitu kimoja tu kilikuwa mikononi mwa Abigaëlle. Maman, kama anavyomwita mama yake, angelala Nairobi kwa kaka yake, Mjomba Mumbere, na kwetu mgeni wa ukoo halali kwa ndugu bila kumletea kitu cha nyumbani. Mjomba hakutaka kitenge wala viatu. Alitaka samaki wa Kasenga, mji wa wavuvi, wale wa kukaushwa kwa moshi. Samaki waliletwa Jumatatu, wanene, lakini mgongoni bado walikuwa laini. Maman alimwonyesha Abigaëlle kazi yenyewe: kila akitoka shule awatandaze juu ya wavu, awafunike kwa chandarua kizee ili nzi wasiwaguse, awageuze, na mvua ikitishia awaingize jikoni karibu na mbabula, lile jiko la makaa. Safari ilikuwa Jumapili saa sita mchana.

Jumatatu aliwatandaza. Jumanne pia. Jumatano akiwa shuleni, rafiki yake Syntiche, anayekaa naye dawati moja, alimnusa begani, akajifanya kupiga chafya.

"Abi, hii pafyu unanunuaka wapi? Kwa bavuvi?"

Upande ule wote wa darasa ulicheka. Wiki yote iliyobaki wakamwita Mama Kasenga. Mimi namjua mjukuu wangu. Anaoga mara mbili kwa siku na hapendi hata kushika mwiko wenye mafuta. Siku ile alirudi nyumbani, akawatazama wale samaki wanavyong'aa mafuta. Akawarundika wote kwenye beseni, akafunika kwa gunia, akasukuma beseni nyuma ya mlango wa stoo. Maman alipouliza jioni kama samaki wanakauka, alijibu kwamba wanakauka. Alhamisi akajibu hivyo hivyo. Ijumaa mvua ilinyesha kutwa, na hakuna aliyeuliza.

Jumamosi asubuhi Maman alisema samaki wafungwe ili valizi ipimwe. Abigaëlle akaenda stoo. Kabla hajagusa gunia alisikia nzi. Alipolivuta, harufu ilimpiga usoni. Samaki walikuwa wanatikisika. Si samaki waliotikisika, ni funza: weupe, wamejaa kwenye mashavu na ndani ya matumbo, wanapanda mmoja juu ya mwingine, na ndani ya beseni, chini yao, maji ya kahawia yaliyokuwa mazito kama uji. Alikimbilia uani akatapika chai yote ya asubuhi.

Angeweza kumwita mama yake hapo hapo. Aliniambia aliwaza hivyo. Lakini aliona uso wa Maman utakavyokuwa, akakumbuka kitu alichokiona siku moja sokoni: muuzaji mmoja anapulizia samaki wake dawa ya mende, funza wanaanguka, yeye anapanguza na kuendelea kuuza. Abigaëlle akachukua kopo la dawa lililokuwa chini ya kitanda cha wazazi. Akapuliza mpaka samaki wakalowa. Funza walijikunja, wakatulia. Akawakung'uta, akapanguza kila samaki kwa kitambaa huku ameshika pumzi, akawafunga kwa magazeti, kisha mfuko wa plastiki, kisha mfuko mwingine na utepe wa gundi juu. Maman alipokea kifurushi bila kukifungua, akakilaza katikati ya valizi, juu kidogo ya ile nguo yake nyeupe ya ukunga aliyotaka kuvaa siku ya kuzungumza. Akamshukuru. Akamwambia baba kwamba mtoto wao sasa anajua kazi.

Abigaëlle akaenda kunawa mikono kwa sabuni.

Saa tisa mchana simu ililia. Mjomba Mumbere alitaka kujua ndege itafika saa ngapi. Maman aliweka sauti wazi ili wote wasikie, na mjomba akaeleza kwamba mke wake ameshanunua nyanya, samaki watapikwa usiku huo huo wa kufika. Kisha simu ikanyakuliwa na mwanawe David, mtoto wa miaka minne.

"Shangazi, samaki wangu umeweka? Mimi nataka kichwa."

Maman akacheka, akamwambia kichwa ni chake. Simu ikakatwa. Baba alikuwa ameshika kamba ya valizi, anataka kuining'iniza kwenye mizani. Kwenye kichwa ndiko funza walikojaa zaidi. Na kwenye kichwa ndiko Abigaëlle alikopuliza zaidi.

"Maman," alisema, "usimupelekee David ile samaki. Iko na dawa ya mende."

Baba aliachia kamba. Maman alifungua valizi, akatoa kifurushi, akachana plastiki ya kwanza. Harufu iliyotoka haikuwa ya samaki tena wala ya dawa tena, ilikuwa ya vyote viwili vimeoana. Baba aliziba pua kwa shati lake. Funza mmoja, bado mzima, alitambaa juu ya gazeti. Maji ya samaki yalikuwa yamepenya kwenye gundi, na nguo nyeupe ilikuwa na doa la manjano kifuani.

Baba ndiye aliyesema kwanza. Aliuliza ni mtu gani mwenye akili anapulizia chakula cha watu dawa ya mende. Akauliza kama shuleni ndiko wanakofundishwa hayo. Alisema mengi, na mengine Abigaëlle hakutaka kunitajia. Maman alingoja amalize.

"Ulikula kitu baada ya kuishika?" akamuuliza mtoto.

"Hapana."

"Ulinawa?"

"Ndiyo, na sabuni."

"Nawa tena. Kisha uje. Tuko na kazi."

Kazi ile haikuwa ya kupendeza. Maman alivaa glavu, na Abigaëlle akavaa. Baba alichimba shimo refu mwisho wa kiwanja, mbali na kisima, wakazika samaki wote na magazeti yao, ili hata mbwa wa jirani asiwafikie. Abigaëlle ndiye aliyebeba beseni. Maji ya kahawia yalimruka mguuni, akasimama akijiuliza kama atatapika tena, akaendelea. Walifua nguo nyeupe mara tatu kwa sabuni na ndimu. Mvua ilikuwa inakuja, wakaianika jikoni, baadaye wakaipiga pasi ya makaa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Doa lilitoka. Harufu ya valizi haikutoka. Kitambaa chake cha ndani kilikuwa kimeinywa.

Maman akamtuma Abigaëlle mwenyewe kwenda kwa kina Syntiche kuazima valizi. Syntiche alipouliza ya kwao imekuwaje, Abigaëlle alimweleza yote, hapo mlangoni. Syntiche aliziba mdomo kwa mikono miwili. Halafu akasema polepole:

"Kumbe mimi nilikuwa nakuchekelea harufu ya samaki muzuri."

Akaibeba valizi yeye mwenyewe mpaka nyumbani, na njiani hakumwita Mama Kasenga.

Nguo zilipopangwa upya na mizani ikakubali, Maman alimkalisha Abigaëlle karibu yake kwenye mkeka. Hakupandisha sauti.

"Funza ni uchafu," alisema. "Unaona kinyaa, unatupa, unanawa, inaisha. Mimi kazini naona mambo machafu kuliko hayo kila siku, na sijafa. Lakini sumu uliyofunga vizuri, ukanyamaza, hiyo haimutapishi mutu akiiona. Ningeipika kwa mikono yangu, nikamupa mutoto wa kaka yangu. Uvivu ulianza, uongo ukaufunika, na uongo ndio ungeua. Siku nyingine, hata kama kitu kinanuka, niite kingali kinanuka. Umesikia?"

Abigaëlle alisikia. Lakini Maman hakuwa amemaliza. Alimpa simu. Alisema samaki walikuwa wa mjomba, kwa hiyo ni mjomba anayepaswa kuambiwa, na si yeye Céline atakayemwambia.

Mjomba Mumbere alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akamwuliza kama kweli alitaka kumnyamazia. Abigaëlle akajibu ndiyo, alitaka, mpaka aliposikia David anaomba kichwa. Mjomba akasema David atakula maharagwe kesho, na hatakufa kwa maharagwe. Akasema pia kwamba mwenye kusema ukweli mchungu wa namna ile kwa simu, yeye bado anamtambua kuwa mtoto wa dada yake. Kisha akasema sasa aende kulala, maana hata yeye huko Nairobi anahisi anasikia harufu.

Baba alilala wa kwanza, amechoka na shimo. Maman alihesabu tena vitu vya mkobani, pasipoti, kadi, dawa, kle, akazima taa ya betri. Abigaëlle alibaki macho, ananusa vidole vyake gizani. Ndimu, sabuni, na chini yake bado samaki kidogo. Aliviweka nje ya shuka. Alimsikia mama yake anapumua upande wa pili wa ukuta, pumzi ndefu ya mtu asiye na wasiwasi na kilichomo ndani ya valizi yake. Basi na yeye akageukia ukuta, akalala.