Aliyemsainia Esta

Kiti cha mgeni kilikuwa kimelowa tena, na Tarime haikuwa imeona tone la mvua wiki nzima. Madam Scholastica alikigusa, akanusa vidole. Udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa asubuhi hiyohiyo.

Hakuwa na muda wa kushangaa. Tawi zima la chuo, pale nyuma ya Bomani, lina wanafunzi elfu mbili na mia nane na mshauri nasaha mmoja. Mmoja! Mtaani wamejaa wenye shahada ya saikolojia wanachoma mahindi, ukiuliza unaambiwa kibali cha ajira hakijatoka. Huyo mmoja, Scholastica mwenyewe, walimpa stoo ya viti vibovu, wakaipaka rangi, wakabandika mlangoni "Counselling Unit", wakapiga picha, wakaondoka.

Lakini siku hiyo Scholastica alikuwa na furaha. Faili moja lilikuwa linamwendea vizuri: Esta Rubeni, mwaka wa pili, binti wa kijiji cha Robanda, kando ya Serengeti. Baba yake aliuawa na tembo akilinda mtama. Habari ilimfikia kwa simu akiwa darasani, na tangu hapo hali, halali, haongei. Chuo, kwa huruma yake ya makaratasi, kilimpa masharti: vikao sita na mshauri, kila kikao asaini, la sivyo anadisko, yaani anafukuzwa chuo, arudi kwao.

Vikao viwili vya kwanza Esta alilia tu. Cha tatu alikuja amechangamka. Alisimulia kifo cha baba yake kwa mpangilio, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayefanya presentation. Scholastica akaandika: maendeleo mazuri sana. Cha nne na cha tano vivyo hivyo. Ripoti ya robo mwaka ilishaondoka kwenda makao makuu: mmoja amepona.

Saa sita mchana Esta aliingia, akaamkia, akakalia ule unyevu bila kujali.

"Madam, leo tunamaliza, si ndiyo? Nisaini wapi?"

"Subiri, mwanangu. Kalamu yangu imekauka, niazime hapo jirani."

Nje, ukutani, alikuwa amechuchumaa binti aliyekonda mpaka mifupa ya shingo ikahesabika. Wanafunzi walipita wakimkanyaga miguu, hakuna aliyesema samahani.

"Madam," alinong'ona. "Shikamoo. Usirudi ndani."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Esta. Esta Rubeni."

"Acha utani, Esta yupo..." Scholastica akamtazama vizuri. Macho aliyajua. Ndiyo yaliyomlilia vikao viwili.

"Kikao cha tatu nilifika mpaka kwenye benchi hapo, miguu ikagoma. Kulikuwa na dada amekaa. Nikamwambia nisainie, kama tunavyosainiana lecture. Akaniuliza, jina lako kamili? Nikampa."

"Dada gani?"

"Sikumwangalia, Madam. Nani anamwangalia anayemsainia? Toka siku hiyo naisha. Hosteli kule Nyamisangura wenzangu wanaweka mabegi kitandani kwangu nikiwa nimelala. Juzi nimempigia mama, akasema wewe nani, Esta nimetoka kuongea naye sasa hivi, ana furaha. Madam, akisaini cha sita, mimi sipo tena."

Mlango ulikuwa umefungwa, lakini sauti ilitoka kana kwamba iko kati yao wawili.

"Madam Schola. Kalamu ninayo."

Scholastica alirudi ndani akijaribu kusali Baba Yetu, akafika kwenye mkate wa kila siku ulimi ukakwama, maana harufu ya udongo sasa ilikuwa imejaa chumba mpaka kwenye mate yake, na yule aliyekaa kitini alikuwa anatabasamu tabasamu lilelile aliloliandikia maendeleo mazuri, huku maji yakimtiririka miguuni bila chanzo, yakifuata nyufa za sakafu kuelekea mlangoni kwa binti wa watu.

"Mimi nimehudhuria," kilisema. "Nimejieleza, nimepona, kama mlivyotaka. Yeye alikufanyia nini zaidi ya kulowesha tishu zako?"

Scholastica alinyakua kalamu mkononi mwa aliyekaa kitini, baridi yake ikampanda mpaka kwenye kwapa, akavuta karatasi ya mahudhurio, akaikata saini ya kikao cha tatu na kuandika hakuhudhuria, na kile kitu kikaguna kwa sauti ya mzee, akaikata ya nne, hakuhudhuria, kikalia kwa sauti ya mtoto mchanga, akaikata ya tano, na hapo hakikutoa sauti yoyote. Kiti kilikuwa kitupu.

Nje mtu akapaza sauti: "We Esta! Mbona umepotea hivyo, ulikuwa wapi?"

Esta akaangua kilio. Alikuwa ameonekana.

Walikwenda pamoja kwa mkuu wa tawi, Bwana Magige, wakiwa wameshikana mikono. Magige alisoma karatasi, akavua miwani.

"Madam, ripoti imeshaenda. Mmoja amepona. Sasa hizi hakuhudhuria tatu nizipeleke wapi? Huyu anadisko leoleo."

"Adisko, Mkuu. Arudi kwao mzima."

"Mkuu, shikamoo," Esta alisema. "Ni kweli, mimi sikuja. Aliyekuja alikuwa..."

"Ebo! Nawasaidia halafu mnabisha." Magige alishatoa wino mweupe wa kufutia. Alikuwa mwepesi, mtu aliyezoea. Akafuta, akapuliza, akaandika amehudhuria, amehudhuria, amehudhuria. "Na hiki cha sita nakimalizia mwenyewe. Kwa niaba."

"Mkuu, nakuomba, usisai..." alisihi Scholastica.

Kalamu ikatembea. Magige akainua kichwa, macho yakampita Esta yakaishia ukutani.

"Haya. Mwenyewe yuko wapi sasa?"

Mlango ukagongwa, na harufu ya udongo mbichi ikaingia.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, binti yangu! Pita, pita. Unaona, Madam? Mtoto ana afya yake."

Scholastica hakugeuka kutazama. Ubavuni kwake mkono wake ulikuwa bado umeshika vidole vinne vya Esta, vya baridi, akavikaza kwa nguvu zake zote, na vikazidi kuwa vyepesi.