Rejeta ya Tatu

Kilichoibwa ni rejeta. Si fedha, si dhahabu, wala hakuna aliyejeruhiwa. Rejeta moja kuukuu ya shaba, inayovuja, ya gari lililomzidi umri Inspekta mwenyewe.

Inspekta alisimama mlangoni mwa banda saa tatu asubuhi, kalamu mkononi, hasira kifuani. Mezani kwake kituoni alikuwa ameacha majalada mawili ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Lakini mlalamikaji alikuwa baba mkwe wa mkuu wa kituo, na mkuu alishasema, "Nenda wewe mwenyewe, binti yangu." Haya, kaja.

"Jana jioni ilikuwa juu ya benchi hili," alisema mwenye gari, dereva wa malori mstaafu, shati limepigwa pasi hadi kwenye ukosi. "Leo asubuhi haipo."

"Kufuli limevunjwa?"

"Halijaguswa."

"Nani wana funguo?"

"Mimi, mke wangu, na shemeji yangu, ambaye ndiye fundi wa gari hili."

"Mzee, rejeta yenyewe inavuja. Si ununue nyingine?"

Hapo ndipo alipojiponza. Miezi minane, mzee alieleza huku akigongagonga benchi, alikuwa anatafuta hiyo nyingine. Nne zimenunuliwa, zote fundi kazikataa. Sasa amechoka, kamwita fundi mwingine. Yule alikuwa aje mchana huu aichukue ile ya zamani kama sampuli, ikatengenezwe mpya ya kipimo kilekile. Bila sampuli hakuna atakayekubali kazi. Na Jumamosi mzee ana safari ya mwendo wa saa nne kwenye barabara kuu, yeye na mkewe, kwenda kumwona kitukuu wao wa kwanza.

"Basi la abiria lipo," alisema Inspekta.

"Binti, nimeendesha malori miaka thelathini na tano bila kukwaruza hata geti. Leo nibebwe kama gunia?"

Inspekta aliandika maelezo, akamsogezea karatasi. "Soma, kisha utie sahihi."

"Nimeshasoma," alisema mzee palepale, akatia sahihi. Nusu ya jina ilibaki kwenye karatasi, nusu ikaishia kwenye mbao za benchi. Inspekta akavuta pumzi ndefu. Watu wa haraka hawa, kazi kwelikweli!

"Afande," aliita konstebo aliyekuwa akipaka unga wa alama za vidole. "Kila mahali ni grisi. Hapa kuna vidole vya watu wote waliowahi kuishi duniani."

Kando ya ukuta zilipangwa zile rejeta nne mpya, kila moja imeandikwa kwa chaki: PANA, MDOMO MDOGO, FUPI, NZITO. Fundi aliitwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mdogo wake mke wa mzee, na mtaa mzima ulimwita Makini.

"Hizi zina ubaya gani?" Inspekta aliuliza, na mara akajuta.

"Afande, gari hili halitaki mchezo. Ya shaba inalehemika ikitoboka, ila nzito. Ya alumini nyepesi, lakini ikipasuka ndiyo basi. Halafu kuna mirija. Safu mbili, injini inachemka mlimani. Safu nne, hewa haipenyi vizuri. Halafu mdomo wa bomba la juu..."

"Fundi! Sikuja kuomba kazi hapa. Hii ya tatu ina nini?"

"Fupi. Imepungua sentimita mbili. Matundu ya bolti hayakutani."

Inspekta aliishika ile ya tatu aisogeze apate pa kupita. Maji yakabubujika, yakamwingia kiatuni mpaka kwenye soksi.

"Ala!"

Alitaka kutukana. Badala yake akainama, akachovya kidole. Maji yalikuwa na kutu, na rejeta ilikuwa mpya.

"Fundi, nani anajaza maji rejeta isiyoingia kwenye gari?"

"Labda... mvua."

"Ndani ya banda? Konstebo, shika upande ule."

Waliiteremsha mbele ya injini. Ikakaa. Inspekta akachukua bolti nne kwenye kopo, akazitia moja moja, na kila moja ikaingia bila kubishana.

"Uliifunga," alisema. "Ukaijaza maji, ukawasha injini, ikafanya kazi. Kisha ukaifungua ukaandika FUPI. Lini?"

"Afande, mimi..."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na ya zamani iko wapi?"

Makini alikwepesha macho. "Chini ya kitanda changu."

"Kwa nini? Umenitoa kwenye kesi za watu wenye mapanga nije nipime rejeta! Sema!"

Mlangoni mke wa mzee alikuwa amesimama na sinia la chai. Makini alimtazama dada yake.

"Shemeji haoni, Afande. Mwaka jana nilipanda naye. Lori limesimama mbele yetu, lori zima jekundu, na yeye anakanyaga mafuta! Nikapiga kelele. Akasema ananitania. Na Jumamosi dada yangu angekaa kiti kile kile saa nne nzima."

"Si ungemwambia?"

"Huyu ndiye aliyenichukua baba alipofariki. Kanipeleka chuo cha ufundi, kaninunulia spana yangu ya kwanza. Nimwambie yeye, dereva, kwamba haoni? Nilishindwa. Nikaona afadhali nimwambie rejeta haienei."

Inspekta aliitazama ile nusu ya sahihi kwenye benchi. Ilikuwa mbele yake muda wote, na yeye akanung'unika tu. Aliona aibu.

"Mwongo," alisema mzee, lakini bila nguvu. Akageukia mlangoni. "Bibie, waambie. Safari zote zile za sokoni, niliwahi kugonga kitu?"

"Hukugonga."

"Mnaona?"

"Kwa sababu nilikuwa nakwambia, mume wangu. Kulia kidogo, kuna shimo. Punguza, kuna watoto. Ulidhani napiga soga?"

Mzee alitafuta ukingo wa benchi, akaushika.

"Ulijua?"

"Huu mwaka wa pili."

"Na bado ulikuwa unapanda?"

Mama aliweka sinia chini. "Sasa ningekuacha uende peke yako?"

Mzee akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akaunyoosha mbele. Makini hakuwa upande ule. Alisogea taratibu hadi ulipokuwa mkono, akaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

"Kaza hizo bolti," alisema mzee. "Jumamosi utatuendesha wewe."