Nusu Tangi

Kila Jumamosi Chiriku alimpelekea mama yake chakula kazini. Mama aliendesha katapila la kuchimba mitaro, na siku hiyo alikuwa mtaani kwao wenyewe, akifukua bomba la maji lililopasuka. Maji yalikuwa yamefungwa tangu asubuhi. Kina mama wa mtaa walikaa kivulini na ndoo zao, wakisubiri.

Geji ya mafuta ya katapila hilo ilikuwa imekufa. Ilibidi mtu achovye fimbo ndani ya tangi na kutazama dizeli imelowesha hadi wapi. Kazi hiyo Mama alimwachia Chiriku, naye aliipenda, hasa wenzake wakimwona amepanda juu ya mtambo.

"Kapime mafuta," Mama alimwambia huku akinawa mikono.

Lakini rafiki yake aliyefuatana naye alikuwa katikati ya kisa cha mwalimu aliyekalia rangi mbichi, na Chiriku hakutaka kukosa mwisho wake. Alizunguka nyuma ya katapila, akasimama kidogo, akarudi.

"Nusu tangi, Mama."

"Umechovya?"

"Nimechovya."

Mama akapanda, akawasha. Kabla hajalifikia bomba, injini ilikohoa, ikafifia, ikazimika. Kijiko cha chuma kikabaki kimening'inia juu ya mtaro. Mama alishuka, akamimina dumu zima la dizeli, akawasha tena. Injini ilizunguka tu, haikushika.

Msimamizi wa kazi alifika mbio. "Mama Chiriku, dereva mzima unaishiwa mafuta? Na sasa umejaza, mbona haliwaki?"

"Limevuta hewa."

"Labda alisahau kwamba nalo linakula," mwanamke mmoja alisema kivulini, wenzake wakacheka.

"Kesho kwenye kiti hicho namkalisha mwingine," msimamizi alisema. "Wewe utarudi kwenye koleo."

Mama alimtazama Chiriku mara moja tu. Kisha akamgeukia msimamizi. "Kosa ni langu. Dereva ni mimi."

Chiriku alitamani ardhi impasukie. Afadhali angepigwa kofi. Masikio yalimwaka. Rafiki yake akamvuta mkono: "Nyamaza, hajakutaja."

"Si Mama," Chiriku alisema. Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi arudie. "Si Mama. Mimi ndiye niliyesema nusu tangi. Sikuchovya."

Kicheko kilikatika. Msimamizi alijikuna shingo. "Liwasheni kwanza. Tutaongea likiwaka."

Mama alimkabidhi Chiriku spana. "Panda. Legeza hiyo nati juu ya chujio la mafuta."

Mama mwenyewe akaanza kusukuma pampu ya mkono. Povu likachuruzika penye nati.

"Injini hii haina plagi ya kutoa cheche," alisema bila kumtazama. "Inabana hewa ndani ya silinda mpaka hewa inakuwa ya moto mkali. Dizeli ikinyunyiziwa humo, inawaka yenyewe. Tangi likikauka, hewa inaingia kwenye mipira inayopitisha mafuta. Hewa inabonyea, kwa hiyo pampu inasukuma bure."

"Kumbe hewa ni mbaya?"

"Ikiwa ndani ya silinda ni nzuri. Kwenye mpira ni balaa. Povu likiisha, kaza."

Dizeli ilitoka safi. Chiriku akakaza kwa nguvu zake zote. Mama akapanda, akawasha, na katapila likanguruma na kutema moshi mweusi.

"Kiti baki nacho," msimamizi alimwambia Mama. "Ila fimbo ishike mwenyewe."

Bomba lilizibwa jioni. Mama alikaa kwenye mnyororo wa katapila akavua glavu.

"Tangi kuwa tupu hakujanikasirisha," alisema. "Matangi huisha. Nimekasirishwa na lile neno 'nimechovya'. Mtu anayekuamini hapimi tena nyuma yako. Ukimdanganya, anayeumbuka mbele ya watu ni yeye. Leo umesema ukweli kwa kuchelewa, lakini umeusema, na ndio ulioniachia kazi yangu. Siku nyingine usingoje injini izime."

"Ndiyo, Mama," Chiriku alijibu, macho yakiwa chini.

"Sasa nenda ukawaombe radhi wale kina mama uliowacheleweshea maji. Kwa mdomo huo huo."

Chiriku alifuta mikono yenye mafuta kwenye gauni, akaenda.