Taa Niliyoiacha Inawaka

Nilikwenda kununua mkate.

Naanzia hapo kwa sababu kosa lilianzia hapo, na kosa ni langu, sitaki mtu anitafutie visingizio. Ilikuwa kama saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Mama alinipigia simu kazini akasema nipitie mkate kabla duka halijafungwa, maana mtoto wa Kasuku asubuhi hali kitu kingine. Mimi ni mkaidi kwa watu wote isipokuwa mama. Nikavua hedifoni, nikatoka.

Kasuku ni mdogo wangu, tumeachiana ziwa. Jina hilo alipewa shuleni kwa kuiga watu. Aliwahi kumwiga mwalimu mkuu nje ya dirisha la ofisi mpaka walimu wote ndani wakasimama kwa heshima. Ukubwani kazi yake ikawa hilohilo koo. Hutoa sauti za wanyama na mazimwi kwa ajili ya michezo ya kwenye simu, na mimi ndiye fundi wa sauti. Yeye hukaa ndani ya chumba kidogo tulichokiziba kwa magodoro na treya za mayai, mimi hukaa upande wa pili wa kioo, narekodi. Juu ya mlango wa chumba hicho kuna taa nyekundu. Ikiwaka, hakuna kuongea.

Yeye alikuwa na sheria yake zaidi ya hiyo.

"Taa ikiwaka, dada, mimi si mimi," alikuwa akisema.

Na hakuwa anatania. Akianza kuwa fisi ni fisi, hajikuni, hakohoi, hata nzi akimtua puani. Atabaki hivyo mpaka niizime taa kwa mkono wangu. Hapo hushusha pumzi ndefu na kusema, kila mara, bila kuruka hata siku moja: "Nimerudi, dada. Kuna chai?" Mimi humwambia chai ipo, afute mate kwanza. Maneno hayo nilikuwa nayakata kwenye kazi, ila mara moja niliyabakiza nikayafanya mlio wa simu yangu, kwa simu za mama tu. Siku nilipoyarekodi, pikipiki ilipiga honi nje na mimi nikaangua kicheko. Kwa hiyo mama akipiga, unasikia: nimerudi dada, kuna chai, honi, halafu kicheko changu.

Kazi ya jioni ile ilikuwa Mburuzi. Ni mnyama wa kubuni, wa mchezo mpya. Jua likizama mtu anageuka: mgongo unapinda, manyoya yanatoka, mguu wa kulia unakufa na anauburuza. Bosi, mwenye mchezo, alitueleza huku anasugua viganja kwa furaha.

"Mburuzi hafi," alisema. "Akitaka kurudi kuwa mtu, lazima mtu mwingine aupokee mguu. Mmoja akirudi, mwingine anageuka. Hiyo ndiyo raha yake."

"Na sauti ya kurudi?" nikamuuliza. "Tuirekodi leo?"

"Ya kurudi haina haraka. Nataka ya kugeuka."

Kasuku alikuja na mfuko wa karoti. Mifupa unayoisikia ikivunjika kwenye michezo ya simu mara nyingi ni karoti, zinavunjwa karibu na maikrofoni. Watu wazima hukosa usingizi kwa ajili ya karoti, na sisi tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. Niliwasha taa. Nyuma ya kioo nikaona mgongo wake ukipinda taratibu, akanipa kisogo. Kwenye hedifoni mifupa ikaanza kuvunjika, mmoja mmoja, safi kabisa. Sijawahi kurekodi mifupa mizuri kama ile. Nikamnyooshea dole gumba ingawa alikuwa hanioni.

Ndipo simu ikatetemeka, mama na mkate wake. Nikasema moyoni, dakika tano tu, mashine itarekodi yenyewe.

Sikuizima taa.

Dukani kulikuwa na foleni, na mbele yangu mzee mmoja aliyekuwa akichagua sabuni kama anachagua mke. Nilikuwa bado nimesimama pale umeme ulipokatika. Nilipopata mkate, giza lilikuwa limeanza kushika mtaa mzima. Dakika tano zilikuwa zimeshakuwa arobaini.

Mlango wa ofisi ulikuwa kama nilivyouacha. Ndani palinuka.

Palinuka manyoya yaliyolowa. Sisi hatufugi hata paka.

"Kasuku?" nikanong'ona. Sijui kwa nini nilinong'ona.

Taa nyekundu ilikuwa imezimika, lakini si kwa mkono wangu. Umeme ndio ulioizima. Nikawasha tochi ya simu, nikafungua mlango wa chumba cha kurekodia. Kiti kilikuwa kimelala chali. Mfuko wa karoti ulikuwa sakafuni pale alipouweka alipoingia, fundo lake halijafunguliwa.

Karoti zote zilikuwa nzima.

Nilisimama nimekumbatia mkate kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Kisha kwenye kona ambayo mwanga haukufika, kitu kikakanyaga sakafu.

Tap.

Halafu kikaburuza.

Khhhrrrr...

Tap. Khhhrrrr. Pumzi ya moto ikanifikia usoni, ina harufu ile ya manyoya. Nikajua kwamba yule alikuwa ndugu yangu. Nilijua hivyo hivyo, kama unavyomjua mtu wa nyumbani kwenu akipita gizani. Na nikajua pia kwamba yeye hanijui.

Simu ikaita mkononi mwangu. Mama.

"Nimerudi, dada. Kuna chai?" Honi. Kicheko.

Kile kitu kikasimama. Mlio ukaita tena, na mara ya tatu, ukakatika. Kwa muda nikasikia kitu kikihangaika kooni mwake, kama mtu anayejaribu ufunguo usio wake mlangoni.

Umeme ukarudi. Taa nyekundu juu ya mlango ikawaka tena, maana swichi nilikuwa sijaigusa. Kasuku alikuwa amesimama hatua moja mbele yangu, wima, shati limechanika mgongoni, anatabasamu.

"Kasuku, ni wewe?"

"Nimerudi, dada. Kuna chai?" alisema.

Moyo ulinitulia. Lakini hakufunga mdomo. Kutoka mlemle kooni mwake ikalia honi ya pikipiki. Baada yake nikasikia kicheko changu, na mimi nilikuwa sijacheka.

Mtu ataniuliza kwa nini nilimpeleka nyumbani. Ningempeleka wapi? Alikuwa na uso wa ndugu yangu na kovu la ndugu yangu kidevuni, na mama alikuwa anasubiri mkate. Mezani aliitikia kwa kichwa. Siku zilizofuata akaanza kuokota maneno yetu, moja la mama, moja langu, akiyarudisha kwa sauti ileile tuliyoyasemea. Mama alifurahi.

"Mdogo wako siku hizi katulia," aliniambia jikoni. "Zamani mdomo ulikuwa haumkai."

Mtoto wa Kasuku, ana miaka mitano, alikataa kupakatwa na baba yake. Jioni moja alinivuta nguo akaninong'oneza, "Shangazi, mbona baba anacheka kama wewe?"

Nilimwambia akalale.

Siku ya tatu nilirudi ofisini peke yangu, jioni. Bosi alikuwa anataka kazi yake, na mimi nilitaka kusikia mashine ilirekodi nini baada ya mimi kutoka. Ile mashine ina betri yake, umeme ukikatika haijali. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Nikavaa hedifoni.

Mifupa. Pumzi. Tap, khhhrrrr, tap, khhhrrrr, akizunguka chumba. Kisha, katikati ya mikoromo, sauti yake mwenyewe, ndogo.

"Dada, zima taa."

Akaniachia muda wa kufika kwenye swichi.

"Dada... siwezi kuendelea kuishika sauti yangu. Zima taa."

Kisha kucha mlangoni. Mlango ule haufungwi kwa ufunguo. Angeweza kutoka, lakini taa ilikuwa inawaka, na yeye ni mtu wa kushika sheria zake. "Dada?" alisema mara ya mwisho. Baada ya hapo hakukuwa na neno tena, mpaka nilipojisikia mimi mwenyewe nikiingia na mkate.

Nililia, sikatai. Nililia kwa sauti mpaka mlinzi wa jengo akaja kugonga. Alipoondoka nikainuka, nikaiweka mikono yote miwili kwenye swichi, nikaizima ile taa, siku tatu baadaye.

Chumba kilikuwa kitupu, nakiona kupitia kioo. Lakini kwenye hedifoni mtu alishusha pumzi ndefu.

"Nimerudi, dada." Alikuwa mbali sana, kama yuko mwisho wa korido isiyo na mwisho. "Kuna chai?"

Hakukuwa na honi wala kicheko. Ilikuwa sauti yake, imechoka.

"Ipo," nikamwambia. "Ipo, mdogo wangu."

Tangu siku hiyo nikawa nabeba chai. Kila jioni nakiweka kikombe mbele ya maikrofoni, nawasha taa, naizima. Yeye ananiuliza, mimi namjibu. Siku ya kwanza chai ilibaki ilivyo. Siku ya tatu ilikuwa imepungua kidogo, upana wa kidole. Siku ya sita nusu. Na kila siku sauti ilikuwa inakaribia. Nilikuwa natembea mtaani nacheka peke yangu kama mwehu. Nilijiambia nitamtoa, nitamrudisha, hata ikichukua mwaka.

Jana kikombe nilikikuta kikavu. Sauti ilikuwa hapahapa, nyuma ya sikio langu, na kikombe kilikuwa bado na joto la viganja.

Nilikimbia nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga. Nilimkuta yule mwingine mezani na mama. Aliponiona akainuka kunipisha kiti. Mguu wake wa kushoto ukaja.

Wa kulia ukabaki nyuma.

Khhhrrrr...

"Umekufa ganzi," mama alisema, akimimina chai. "Atakuwa kaukalia vibaya."

Mimi nikayakumbuka maneno ya bosi, neno kwa neno. Mmoja akirudi, mwingine anageuka. Nilimtazama yule mtu mwenye uso wa ndugu yangu, naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona tabasamu. Niliona woga. Sijui yeye ni nani, hakuna aliyeniambia. Najua tu kwamba kila kikombe nilichobeba kilikuwa kinatoka kwake.

Leo nilijiapiza sitakwenda. Saa kumi na mbili jioni ikanikuta niko ofisini, kikombe mkononi, taa nimeshaiwasha. Kidole kilikuwa juu ya swichi mama alipopiga. Ule mlio nilishaubadilisha, sasa simu inalia kama simu za watu. Ilikuwa mezani, nikaipokea kwa spika.

"Njoo nyumbani," mama alisema. "Mguu wa mdogo wako umezidi, na mgongo sasa haunyooki. Nimemlaza chumbani kwangu, namkanda. Mwanawe kakaa naye."

"Mama, mtoe mtoto humo."

"Nimtoe kwa baba yake? Kwa kosa gani?"

"Mama, mtoe tu. Tokeni nje wote wawili."

"Una nini wewe? Mwenzako anaumwa, wewe unaniletea..."

Kwenye simu nilisikia kitu kikivunjika, kidogo, kikavu, safi kabisa. Sauti hiyo naijua. Nyumbani hatuna karoti.

"Hicho nini?" mama aliuliza, lakini hakuwa ananiuliza mimi.

Kidole kikashuka na swichi, taa ikazimika.

Mtu akashusha pumzi. Hakuwa tena kwenye hedifoni. Alikuwa upande wa pili wa mlango wa chumba, karibu, na kitasa kilikuwa kinazunguka polepole, kikasimama nusu.

"Nimerudi, dada," alisema Kasuku, ndugu yangu, kwa sauti yake. "Kuna chai?"

Anasubiri nimjibu. Kikombe kiko mkononi, kinapoa. Kwenye simu nasikia sakafu ya chumba cha mama.

Tap.