Uvimbe Haunyooshwi kwa Pasi

Jina la Mama Pasi lilitoka kwenye kazi yake. Yeye na mumewe walikuwa madobi. Mume alifua uani, na yeye alipiga pasi kwenye chumba cha mbele, juu ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe. Hakuna kola iliyomshinda. Nguo ikileta ubishi aliifunika kwa kitambaa kibichi, akakandamiza pasi mpaka mvuke ukatoka, na nguo ikasalimu amri. Alijigamba mbele ya wateja kwamba chochote kilichojikunja, yeye atakinyoosha kwa moto.

Kila nguo iliyoingia humo ilishonewa uzi wa rangi ndani ya shingo, ili isichanganyike na nguo za watu wengine. Uzi wa kijani ulikuwa wa fundi saa. Wa bluu ulikuwa wa nesi wa zahanati, mwanamke mwenye kicheko kikubwa aliyeleta sare zake kila wiki. Ukitaka kumjua mwenye nguo, unatazama uzi.

Shule zilipofungwa, mdogo wake Mama Pasi alimleta binti yake akae kwao likizo nzima. Alikuwa msichana mwembamba mwenye maswali yasiyokwisha. Kabla jua halijazama, baba yake mkubwa, yaani yule dobi, alikuwa ameshambandika jina la Kwanini.

Kwa nini kola inapigwa pasi kwanza? Kwa sababu ukiiacha mwisho utakunja mabega. Kwa nini nguo nyeusi inageuzwa ndani nje? Kwa sababu pasi huifanya ing'ae vibaya. Mama Pasi alimjibu kila swali, na hakuwahi kumwambia nyamaza. Mtoto naye akapewa kazi ya kutafuta soksi zilizopoteana, akaifanya kwa bidii kama ameajiriwa. Nyumba isiyo na mtoto ilichangamka, na Mama Pasi alifurahi mno.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Mama Pasi hakumwambia mtu. Siku moja akiwa bafuni aliligusa titi lake la kushoto, akakuta uvimbe. Ulikuwa mdogo na mgumu, mfano wa kifungo cha koti. Haukuuma. Alijiambia ni msuli umechoka kwa kazi. Halafu akakumbuka kwamba pasi anaishika kwa mkono wa kulia. Basi akajiambia ni baridi. Mtu akiogopa hakosi la kujiambia.

Akaanza kujitibu kidobi. Duka likiwa tupu, alilowesha kitambaa, akakiwekea pasi ya moto mpaka kikatoa mvuke, kisha akakikandamiza kifuani, amefumba macho. Ngozi ikawa nyekundu. Uvimbe ukabaki palepale.

Siku ya siku Kwanini akaingia na soksi mkononi, akamkuta katika hali hiyo.

"Mama mkubwa, kwa nini unajipiga pasi?"

Mama Pasi alifunga vifungo haraka, akamwambia aende akatafute soksi. Mtoto akamtazama. Soksi alikuwa nazo mkononi.

Kwanini akalipeleka swali lake uani. Baba mkubwa aliposikia, aliacha shati kwenye beseni akaingia ndani na mikono yake yenye povu. Alitaka kujua yote, na alipojua alisema waende hospitali leo hii. Mama Pasi akagoma. Alisema yeye si mgonjwa, ana kazi, na mashuka ya nyumba ya wageni yanasubiri. Sauti zikapanda.

Chumba cha pili alikaa wifi, dada wa yule dobi. Ukuta ulikuwa mwembamba na masikio ya wifi yalikuwa mazima. Aliingia bila hodi. Tena hakuja kutuliza, alikuja kuongeza kuni. Kwa kunong'ona alisema hospitali wasithubutu, maana uvimbe ukichomwa sindano unakasirika na kusambaa mwili mzima. Kisha akageukia habari ya mtoto. Alisema arudishwe kwao upesi kabla hajaambukizwa.

"Utamwambia nini mdogo wako," alisema, "akiletewa mwanawe na ugonjwa wa kwako?"

Neno hilo lilimchoma Mama Pasi kuliko pasi. Hakuwa na hakika kama ni kweli, lakini angewezaje kucheza na maisha ya mtoto wa mwenziwe? Wifi alipochukua uzi mwekundu kwenye kopo, akaufunga kwenye mkono wa kikombe cha Mama Pasi ili mtu mwingine asikiguse, Mama Pasi hakumzuia. Ni nyumbani kwa dobi tu mtu anapoweza kutiwa alama kama shati.

Toka hapo nyumba ikawa ya minong'ono. Kwanini akiingia, watu wazima wananyamaza. Akikaa karibu na mama mkubwa, anasogezwa. Akiuliza, anaambiwa hakuna kitu. Watu wazima tuna tabia hii mbaya, tunadhani mtoto asipoambiwa basi hajui. Mtoto anajua. Kama hajaambiwa ukweli, anajitungia wake, na mara nyingi huo wa kujitungia ndio mbaya zaidi.

Asubuhi moja Mama Pasi alimkuta mlangoni, amevaa viatu, begi limefungwa.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Nimewagombanisha."

"Nani amekwambia hivyo?"

"Hakuna anayeniambia chochote," mtoto alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nilipouliza lile swali ndipo mlipoanza kugombana. Sitauliza tena."

Mama Pasi aliona aibu. Alipiga magoti hadi usawa wa macho ya mtoto, akamfuta machozi. Wakati huohuo nesi akaingia kuchukua sare zake. Alimwona mtoto na begi, akamwona Mama Pasi amepiga magoti, akauliza kuna msiba gani. Dobi, aliyekuwa ameingia kutoka uani, akamtazama mkewe. Wifi, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, akakohoa.

Kwanini alikuwa ameapa hataki tena maswali. Kiapo chake hakikudumu.

"Nesi, kwa nini mtu anajipiga pasi kifuani?"

Nesi hakucheka siku hiyo. Alivuta pazia, akaomba aone. Aliitazama ngozi iliyoungua, akaugusa uvimbe, akagusa na kwapani. Kisha akaketi juu ya furushi la mashuka na kusema kwa sauti ya kawaida, mtoto akisikia.

Alisema moto hauyeyushi uvimbe wa titi. Unaunguza ngozi na kupoteza muda, basi. Alisema uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini hakuna anayeweza kujua kwa kugusa tu, hata yeye. Lazima upimwe. Alieleza kwamba hospitali wataushika kwa mkono, wataupiga picha kwa mashine, na wakiona haja watachukua kipande kidogo kwa sindano wakakipime. Alitaja na dalili nyingine: ngozi inayobonyea, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu, kidonda kisichopona, uvimbe wa kwapani. Mwenye lolote kati ya hayo aende, hata kama hasikii maumivu. Na wanaume pia, alisema akimtazama dobi, maana nao hupata ingawa ni mara chache.

Wifi akaingilia. Alisema kila mtu anajua sindano inausambaza.

"Hapana," alisema nesi. "Sindano haiusambazi. Unaosambaa ni ule uliofichwa nyumbani mpaka ukakua. Saratani ikikutwa ingali changa, inatibika, na wengi wanapona."

"Na mtoto je? Ataambukizwa."

"Saratani haiambukizwi. Si kwa kikombe, si kwa kitanda, si kwa kukumbatiana." Hapo macho yake yakaangukia uzi mwekundu. Akauliza ule ni uzi wa mteja gani.

Mama Pasi alisimama, akachukua mkasi wa kukatia nyuzi, akaukata ule uzi na kuutupa. Alikuwa amekasirika, na hasira ile ilimsimamisha wima.

"Sikilizeni wote," alisema. "Mtoto haondoki. Nami sijafa, kwa hiyo msinizike."

Kisha akamgeukia Kwanini, akampa jibu alilomnyima. Alimwambia: nina uvimbe kwenye titi. Sijui ni wa nini. Wewe hukuusababisha, wala swali lako halikuusababisha. Huwezi kuupata kwangu. Nikienda hospitali, baba yako mkubwa atakaa nawe. Na mama yako nitampigia simu leo nimwambie mwenyewe.

Mtoto alifuta kamasi kwa mkono wa nguo.

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Basi vaa viatu, mama mkubwa."

Mama Pasi alichomoa pasi. Mashuka ya nyumba ya wageni yakalala bila kunyooshwa, na nyumba ya wageni haikuanguka.

Hospitalini mambo yalikwenda kama nesi alivyosema. Daktari alikuwa kijana, na mikono yake ilikuwa ya baridi, jambo ambalo Mama Pasi alimwambia wazi. Alipigwa picha. Akachomwa sindano, ikauma kidogo, ikaisha. Akapewa dawa ya kupaka pale alipoungua, na akaambiwa kitambaa cha moto kikome. Majibu arudi kuyachukua.

Kungoja majibu ni kazi ngumu, tusidanganyane. Siku nyingine alipiga pasi shati moja mara mbili bila kujua. Siku nyingine alilia juu ya mapazia ya watu, akayapiga pasi na machozi yake. Lakini kujificha alikataa. Mteja akimuuliza habari za afya, alimjibu kwamba ana uvimbe, amepimwa, anasubiri majibu, na wewe je, umejichunguza? Wateja wengine walibabaika. Wengine walibaki kuuliza zaidi. Wifi alikereka mno, akamwambia anajianika mbele za watu.

"Mimi ni dobi," Mama Pasi alisema. "Kuanika ndiyo kazi yangu."

Mama yake Kwanini alipopigiwa simu alilia kwanza, kisha akauliza kama mtoto anasumbua. Akaambiwa hasumbui, ndiye msimamizi. Akasema basi na akae.

Majibu yalipotoka, dobi na Kwanini waliandamana naye. Daktari alisema si saratani. Ni uvimbe wa kawaida ambao wanawake wengi huupata, hauna sumu, ila arudi utazamwe tena kama atakavyopangiwa. Akaongeza kwamba hata ingekuwa saratani, amewahi, na wangeanza matibabu mapema. Mama Pasi aliitika vizuri hadi akafika nje. Pale nje akakaa kwenye ngazi akacheka na kulia pamoja, na Kwanini akamshikia mkoba.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini sivyo ilivyokuwa.

Jioni hiyo wifi alikuja dukani na shuka mkononi. Alisema limejikunja. Mama Pasi alilikunjua, akaona limenyooka kabisa. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe juzi. Alimtazama wifi yake. Wifi alikuwa amejikumbatia, mkono mmoja umebana kwapani.

"Hiyo sindano," wifi alisema, "inauma sana?"

Mama Pasi hakumsuta, ingawa maneno ya kumsuta alikuwa nayo ya kutosha. Alielewa sasa kelele zote zile zilitoka wapi. Aliuliza ni tangu lini. Wifi akasema tangu kabla mtoto hajaja.

"Na nikikutwa nayo?"

"Tukikutwa nayo tutatibiwa. Asubuhi tunakwenda."

Wifi alisema atafikiria. Kulipopambazuka alifungua mlango wake akakuta viatu vyake vimepangwa kizingitini, vimepigwa rangi, na Kwanini amesimama kando yake.

"Vaa viatu, shangazi."

Uvimbe wa wifi ulikuwa saratani. Ilikuwa bado changa. Alifanyiwa upasuaji, akapewa dawa zilizomtapisha na kumpukutisha nywele zote, na katika muda huo wote Mama Pasi alimpeleka na kumrudisha, wakigombana njia nzima kama kawaida yao.

Likizo iliyofuata Kwanini alirudi na begi lake. Nyuma ya meza ya pasi alimkuta wifi, kichwa kitupu kinang'aa, anashona nyuzi kwenye kola na kumfokea mteja mmoja mwanamke kwamba asiondoke kabla hajaeleza ule uvimbe wa kwapani ameupeleka wapi. Mteja alipotoka, mtoto alisimama akimtazama. Alikumbuka minong'ono ya zamani, akasita.

"Uliza," alisema wifi.

"Shangazi, kwa nini huna nywele?"

Wifi aliweka sindano chini. Alivuta kiti cha pili, akamimina chai kwenye kikombe chake mwenyewe, akanywa nusu, akampa mtoto ile iliyobaki.

"Kaa hapa," alisema kwa sauti iliyofika mpaka uani. "Nitakuambia yote."