Sauti Isiyo na Pumzi

Sauti ilikuwa nzuri mno kwa simu ile. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro ya kwanza, na kasoro ya namna hiyo nani ataishtukia? Mtu hushtuka kitu kikiharibika. Kikitengenea chenyewe humshukuru Mungu na kuendelea na kazi zake.

Simu yenyewe ilikuwa kongwe: kioo kimepasuka pembeni, mgongo umeshikizwa kwa gundi, na kampuni iliyoiunda ilikwisha kuisahau. Hamdani, fundi wa simu wa Majengo mjini Gisenyi, alivipenda vitu vya namna hiyo kuliko inavyostahili. Aliufuta mfumo wake wa zamani, akaiwekea mfumo huria uliojengwa juu ya Linux, ule ambao watu wasiojuana, kila mmoja na nchi yake, huutengeneza bure na kumgawia yeyote autakaye. Simu ikafufuka. Hamdani aliwaambia wateja wake kwamba simu haifi, huuawa na wanaotaka ununue nyingine.

Mlango wa pili alikuwa Gatete, aliyerudi na familia yake kutoka Goma, muuzaji wa simu mpya zinazong'aa. Walikuwa marafiki wa kubishana tangu duka linafunguliwa hadi linafungwa. Gatete alishikilia kwamba ubora wa simu unashikika mkononi na unasikika sikioni. Hamdani alisema kinachosikika ni jina la kampuni tu, na kwamba masikio ya watu yamekula rushwa.

"We unasikia kampuni," alimwambia. "Simu yenyewe hauisikie."

"Mi nasikia," Gatete alijibu. "We njo hausikie kitu. Hata bibi yako haujamusikia bado."

Huo ulikuwa utani wa shemeji. Saidati, mke wa Hamdani, alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi fupi kabla ya kutaja jina la mtu, kama mtu anayetia mguu katika maji baridi ya ziwa. Majengo nzima walimjua kwayo, na Gatete alimwigiza kila alipomsalimu. Hamdani, mwenye mke, alikuwa hajaitambua. Ndivyo waume wengi walivyo, wanachojua ni chumvi ikizidi.

Siku moja ya mvua, wateja wakiwa wamejibanza dukani kwa Hamdani wakingoja ikatike, wale wawili waliamua kuumaliza ubishi. Mtu afungwe macho kwa kitenge. Saidati, aliyekuwa nyumbani, aongee, naye asikilizwe kwanza kwa simu moja kisha kwa nyingine. Mwenye kujua ipi ni ya Gatete na ipi ni ya Hamdani, aseme. Wateja wakajaribu, wakabahatisha, wakachekwa. Kisha Gatete mwenyewe akafungwa kitenge, akasikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Ya kwanza iko yangu," akasema. "Ndani yake nasikia Shemeji anavuta pumzi. Ya pili haina pumzi."

Ilikuwa kweli. Mfumo ule wa Hamdani, katika kusafisha makelele ya upepo na barabara, ulikuwa unakata na pumzi ya msemaji. Lakini Hamdani alikwisha lewa ushindi wake juu ya wale wateja waliobahatisha.

"Umebahatisha," akasema.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtoto wa Majengo hakupaswa kulifanya. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Saa hiyo mama zetu huwaingiza watoto ndani na kufunga madirisha, na hakuna anayemkaribisha mtu asiyemwona. Hamdani alilelewa hivyo hivyo. Bado alikwenda kusimama mlangoni, Saidati yuko hewani katika simu ile mbovu, akapaza sauti kwenye mvua:

"Nani mwengine iko na masikio? Aingie! Akijua tofauti, achukue simu na yote iko ndani!"

Pazia la mlango likajaa upepo. Nyuma yake mtu akajibu kwa upole, kama mteja anayeulizia chaja:

"Ya pili haina pumzi. Kuko nafasi ya kukaa."

Gatete akalifungua pazia. Hapakuwa na mtu, ila mvua barabarani na harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Watu walicheka, lakini walicheka kidogo, wakaanza kuondoka mvua ikiwa bado inanyesha.

Tangu jioni ile simu ikawa nzuri. Saidati akipiga, ungedhani amekaa begani mwako. Hamdani alitamba nayo, akamwekea kila mteja sikioni, akasema hizo ndizo kazi za watu wasiotafuta faida. Nyumbani, Saidati alianza kukwaruza koo. Alikunywa tangawizi, akanywa asali, akalaumu moshi wa makaa.

Gatete alikuja kusikiliza, akairudisha simu mezani upesi.

"Hamdani, ndugu yangu. Huyu hapumui."

"Ni mfumo unasafisha."

"Bon, unasafisha. Lakini anaongea tangu nimeingia hapa, hajakatisha hata kidogo. Mutu anaongea vile bila kuvuta pumzi, iko mutu gani?"

"We una wivu," Hamdani alimwambia, akamcheka.

Kicheko kilimwisha Ijumaa, mchana mweupe, aliporudi kutoka msikitini. Saidati alikuwa ameketi mkekani akimenya viazi, koo limekauka hata salamu aliitoa kwa mkono, na simu yake mwenyewe ilikuwa imezimwa, imelala kando ya sufuria. Simu kongwe ikalia mfukoni mwa Hamdani. Jina kwenye kioo lilikuwa Saidati. Akamtazama mkewe, mkewe akaitazama simu yake iliyozimwa, na wote wawili wakabaki wanasikiliza mlio ule ukizunguka chumba kizima, ukigonga bati na ukuta na vifuniko vya sufuria, huku harufu ya kiberiti ikipanda kutoka chini ya mkeka, mpaka Hamdani, ambaye hakukumbuka kugusa kitu chochote, akasikia simu imejipokea yenyewe na sauti ya mkewe, tamu, safi, ya karibu kuliko mke mwenyewe aliyeketi mbele yake, inasema:

"Hamdani. Nyumba yako iko nzuri. Huyu anachoka. Nikimaliza sauti, nitaanza pumzi."

Kisu kilimponyoka Saidati. Akafungua kinywa apige yowe, na hakikutoka kitu.

Hamdani alijaribu yote aliyoyajua. Alichomoa betri, na simu ikaendelea kuongea. Aliiunganisha na kompyuta ili aufute mfumo wote kama alivyozoea, na kufuta kulipoanza, Saidati akaanguka, midomo ikageuka rangi, vidole vikikwangua mkeka. Alipochomoa waya, akarudi kuhema. Akamvuta mumewe shati, akavuta pumzi yake ile fupi, kisha akamnong'oneza kwa nguvu zote zilizobaki:

"Hamdani... usinifute."

Hospitali walimulika koo lake wakasema ni zima, apumzike. Alipumzika, akakonda. Kadiri alivyokonda, ndivyo simu ilivyopendeza. Hamdani aliogopa kulala, aliogopa kuamka. Alilia dukani mbele ya wateja bila kuona haya, akamwomba Mungu achukue macho yake, mikono yake, riziki yake, amwachie mke. Hakuwa na mwingine duniani, na ubishi wake mwenyewe ndio uliomuuza.

Gatete, Mkristo wa kuimba kwaya, ndiye aliyemshika mkono wakaenda kwa Maalimu Dauda. Huyo alikuwa fundi cherehani mwenye goti bovu na maneno makavu, anayewasomea watu dua baada ya kazi. Alikuja alasiri na chetezo chake. Saidati alilazwa nyuma ya pazia la chumbani. Simu iliwekwa kwenye sahani, karibu na bakuli la kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani. Maalimu akasoma kwa muda mrefu, mpaka kombe likaanza kutetemeka lenyewe ndani ya bakuli.

"Toka," Maalimu akaamuru.

"Nitoke sababu gani?" Sauti ya Saidati ilijibu kutoka sahanini, bila haraka. "Sikuvunja mulango. Aliniita magharibi. Alisema nichukue simu na yote iko ndani, na bibi yake alikuwa ndani. Mi nilijibu sawasawa."

Maalimu akamgeukia Hamdani. "Ulisema hivo?"

Hamdani akainamisha kichwa.

"Mwenye nyumba amefungua mwenyewe," Maalimu alisema, akakiweka chetezo chini. "Kumutoa kwa nguvu, bibi atatoka naye."

Hamdani akapiga magoti mbele ya sahani. "Nichukue mimi. Nakuomba. Nichukue mimi."

"Sauti yako iko mubaya."

"Basi turudie! Ulishinda kwa masikio, nami unipe nafasi ya masikio."

Moshi wa udi ulisimama wima kama uzi.

"Bon," sauti ikasema. "Ufungwe macho. Utasikia bibi yako wawili. Ukijua wa kweli, naenda. Usipojua, nachagua kwenye nitakaa."

Maalimu akamshika Gatete bega. "Huyu njo ajibu. Tangu mwanzo alijua tofauti, we ulikataa. Mupe kitenge."

Gatete alikwisha nyoosha mkono kukipokea. Hamdani akakivuta. Mwanamume mwingine amchagulie sauti ya mkewe, ndani ya nyumba yake, majirani wamejaa dirishani? Kesho wangesema nini Majengo, kwamba Gatete anamjua Saidati kuliko mwenyewe? Hofu ilikuwa imemla moyo wote, lakini kipande hicho cha kiburi kilikuwa bado kizima.

"Ni bibi yangu," akasema. "Hakuna mutu atanichagulia."

"Haiko aibu, Hamdani!" Gatete karibu alie. "Basi sikiliza nikwambie, usikilize sana pu—"

"Mwengine akisema neno," sauti ikakata, "mashindano imeisha."

Gatete akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Hamdani akajifunga kitenge. Gizani alisikia goti la Maalimu likilia, mvua ikianza juu ya bati, na kisha, upande wa kulia, Saidati. Sauti imekwaruzika, inalia.

"Hamdani, ni mi. Nakumbuka siku ulinileta hapa Majengo, mvua ilinyesha kama leo, ukaniwekea koti yako juu ya kichwa, we ukalowana, mama yako akatucheka, nikasema moyoni huyu bwana nitamupika vizuri mupaka nizeeke, Hamdani, ni mi, usiniache na huyu."

Koti lile. Nani mwingine angejua habari za koti lile? Kisha, upande wa kushoto, Saidati mwingine, dhaifu, wa mbali.

"Hamdani... ni mi... Hamdani..."

Huyu hakuwa na hadithi. Alirudia jina tu, na kabla ya kila jina palikuwa na kijisauti kidogo kikavu, cha kukwaruza, kama simu mbovu inayotafuta mtandao. Hamdani alikuwa amepoteza nusu ya umri wake akitoa vijisauti vya namna hiyo katika simu za watu. Aliujua uchafu wa sauti alipousikia. Jini, alijiambia, haliwezi kujua habari za koti.

Akanyoosha mkono kulia.

Nyuma yake Gatete aliguna kama mtu aliyepigwa tumboni. Simu ikazimika. Hamdani alipokivua kitenge, pazia la chumbani lilifunguka, na Saidati alikuwa amesimama kwa miguu yake, uso umerudiwa na rangi, akasema kwa sauti ambayo majirani dirishani waliipokea kwa vigelegele:

"Alhamdulillahi. Koo imepona."

Hamdani alimkumbatia akalia. Hakumwona Maalimu Dauda akikusanya vitu vyake bila kungoja chai, wala Gatete akiondoka kwenye mvua bila kumuaga Shemeji.

Zikafuata siku njema. Saidati alipika, alifagia, alisimulia. Hamdani alikuwa ameweka nadhiri ya kumsikiliza mkewe maisha yake yote, naye akaitimiza. Aliketi jikoni akamsikiliza. Na masikio yalipokwisha kufunguka, hakuweza tena kuyafunga. Saidati alikuwa akisimulia habari za shangazi yake wa Kanzenze, shamba na ng'ombe na harusi na msiba, viazi vikachemka, vikaiva, vikaanza kuungua, naye hajakatisha. Hamdani akainuka taratibu, akamwekea kiganja mgongoni. Mgongo ulikuwa umetulia kama ukuta.

Saidati akageuza uso, akatabasamu.

"Hamdani," alisema, na jina likatoka kavu, peke yake, bila kitu mbele yake. "Sasa unasikia tofauti?"

Alikimbia hadi dukani bila viatu. Simu kongwe ilikuwa ndani ya kopo, chini ya vioo vilivyovunjika, haina betri, imekufa. Akaiweka sikioni, akaziba sikio la pili, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe Saidati, akasikiliza kweli.

Mbali sana, ndani kabisa, mtu alivuta pumzi fupi, kama anayetia mguu katika maji baridi.

Hamdani akangoja jina lake. Halikuja. Ikaja pumzi nyingine.